Mji Mzima Hauna Mwalimu wa Kukereza

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imeingia! Mashine ya kukereza mbao, ile inayozungusha mti nawe ukauchonga kwa patasi uwe mviringo, chuma kitupu, nzito kuliko shemeji yangu na ina akili kumzidi. Nimeipata kwa seremala aliyehama mji. Wachukuzi wameitukana njia nzima. Sasa imekaa kwenye chumba cha kushonea cha mke wangu, na cherehani yake imehamia ukumbini kwa muda. Kwa muda, nimemwambia. Akajibu kwamba muda una mwisho, na mwisho wake ni Jumapili.

Makubaliano ni haya. Baba mkwe anakuja Jumamosi, atalala kwetu. Kitanda cha wageni kina tendegu moja lenye ufa, ukikikalia kinachechemea. Nikikereza tendegu jipya kabla ya Jumapili, chumba ni changu. Nikishindwa, chumba kinarudi kwa cherehani, na mashine inachukuliwa na Shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, muuza vipuri vya pikipiki. Anaitaka kwa ajili ya mota tu, aendeshee pampu ya maji. Pampu! Mtu wa namna hiyo ukimpa kitabu atakuuliza karatasi inauzwaje kwa kilo.

Nimeipanga mashine kwa akili. Nimeisogeza karibu na dirisha, nami nasimama nyuma yake nikitazama barabarani, mwanga unipige usoni na wapita njia waone mtu akifanya kazi. Aliyeitengeneza hakufikiri kabisa. Swichi kaiweka upande wa dirishani, mkono haufiki. Kiegemeo cha kulazia patasi nacho alikipachika hukohuko. Nimekifungua na kukigeuzia kwangu. Swichi nitakuwa naibonyeza kwa mpini wa fagio. Safi kabisa.

Nimechukua likizo ya wiki nzima ghalani, ambako mimi ni karani. Kazi iliyobaki ni kutafuta mafunzo bora, kuyameza na kukereza. Kwa mtu anayejua kusoma si jambo la kumtoa jasho.

Jumanne, 4 Machi

Maktaba. Mkutubi mwenye miwani ya kamba aliniuliza nataka kitabu cha kukereza cha wanaoanza au cha waliobobea. Nikamwangalia tu. Akaniletea vyote viwili bila kuombwa. Watu wa vitabu wana dharau sana.

Cha wanaoanza kina jalada la kijani. Sura ya kwanza: mahali pa kusimama. Jamani! Mtu mzima ameketi, ameshika kalamu, ameandika kurasa chungu nzima kuwaeleza watu wazima wenzake namna ya kusimama! Mimi nimesimama tangu nina mwaka mmoja, na sikuhitaji michoro. Nimeiruka. Sura ya pili inaeleza kiegemeo kinavyokaa. Changu kimeshakaa. Nimeiruka pia. Nikaenda moja kwa moja kwenye sura ya matendegu, huko nyuma kabisa, ambako mwandishi alipaswa kuanzia kama angekuwa na haya.

Hapo nikagundua kitu. Kitabu kinasema kichwa cha mashine, kile kinachozungusha mti, kiwe kushotoni kwako. Changu kiko kuliani. Nikageuza kitabu juu chini. Bado. Nikafungua cha waliobobea, nacho kinasema kushoto. Basi nikaelewa. Vitabu vyote viwili vimeandikwa na watu wa mashoto! Na hakuna hata mmoja aliyekuwa muungwana wa kututahadharisha kwenye jalada.

Jioni nimeng'oa lile tendegu lenye ufa, liwe kielelezo. Kitanda nimekitegemeza kwa kopo la rangi. Mke wangu alipita na rundo la vitambaa, anashona sare za shule, oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Akauliza kama kopo litamhimili baba yake. Nikamwambia kopo ni la siku moja tu.

Jumatano, 5 Machi

Vitabu ni vya wazee. Leo nimejifunza kwa video kwenye simu.

Video ya kwanza: babu mwenye ndevu hadi kifuani. Anaanza kwa kusalimia. Halafu anaonyesha viatu vyake. Halafu sakafu. Halafu anasimama hapa, anasimama pale, anatikisa kidole, hapa ndiyo, pale hapana. Wote hawa wamelogwa na kusimama! Nikasogeza mbele. Nikamkuta tayari anakereza, maganda yanatoka marefu na laini, yanamwangukia mikononi. Rahisi mno. Mtu yeyote mwenye ndevu anaweza.

Video ya pili ina muziki tu. Ya tatu kijana anaongea lugha nisiyoijua, anacheka mwenyewe. Ya nne nimeiangalia mpaka mwisho, kumbe ni mashine ya kukereza chuma. Hakuna aliyejali kuniambia mapema.

Basi nikawasha. Fagio, swichi, mlio mtamu. Nilikuwa nimefunga kipande cha mti mpya. Nikalaza patasi kwenye kiegemeo kama babu alivyolaza. Loo! Badala ya kukata, mti ukaipiga patasi kutoka chini, ikaruka juu, ikapita sikioni kwangu na kujichoma darini. Bado iko huko. Nikachukua ya pili, nikaishika kwa nguvu zote. Safari hii patasi ilibaki, ukaondoka mti. Ulitokea dirishani na kutua kwenye beseni la jirani aliyekuwa anafua. Jirani amenieleza mambo kuhusu mama yangu ambayo sitayaandika hapa.

Mti mpya nimeumaliza, au tuseme umenikimbia. Nimefanyia mazoezi lile tendegu lenye ufa, maana tayari ni la mviringo na halihitaji kazi nyingi. Limegeuka njiti. Sasa sina kielelezo, kwa hiyo nimeng'oa tendegu la pili. Kopo la pili la rangi limepatikana.

Kosa ni la babu. Mwalimu mzuri angeonyesha pia patasi inaporuka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejishusha. Nimekwenda kwa mkereza halisi, yule wa nyuma ya soko anayetengeneza mipini ya majembe na miguu ya viti. Nikamweleza kwa ustaarabu kwamba najua karibu kila kitu, nimebakiza jambo dogo la patasi kuruka, naomba anipe siri yake. Hakusimamisha hata mashine. Akasema hana siri, niende kwake asubuhi, nisimame ubavuni pake, nitazame. Nikauliza nitazame nini. Akasema nitazame anavyosimama.

Na yeye! Nikamwuliza kama kuna chama chao, wanakutana na kukubaliana kuwachosha watu kwa habari hizo za kusimama. Akacheka. Akasema anayetazama huwa pia anafagia maganda. Ahaa! Kumbe ndivyo! Anatafuta mfagiaji wa bure, anaita masomo. Mimi, karani wa ghala, mwenye mhuri wangu mwenyewe, nifagie! Thubutu! Nikamuaga kwa heshima baridi na kuondoka na kiganja cha maganda yake mfukoni, niyachunguze nyumbani. Nimeyachunguza. Ni maganda.

Lakini njiani nilipata jibu peke yangu, kama kawaida. Ikiwa walimu wote ni wa mashoto, dawa ni moja. Nami niwe wa mashoto! Nimeanza mara moja. Nimepiga mswaki kwa kushoto. Nimemimina chai kwa kushoto, nyingine ikaingia kikombeni. Nimejaribu kunyoa kwa kushoto, na sasa nina plasta mbili shavuni. Mke wangu alinitazama, akarudi ukumbini kwenye cherehani. Alikuwa anakung'uta kitambaa. Vumbi la mbao linapita chini ya mlango, anasema, linaingia kwenye sare. Nikamwambia vumbi la mbao ni safi, ni mti tu.

Tendegu la pili limekwisha. Kitanda chenye matendegu mawili ni kiroja, kinaelea kama kinaomba radhi. Nimeng'oa la tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa kushoto. Mwandiko mbaya. Fupi basi.

Mkono unauma.

Nimehamia kulia, kuna mengi. Asubuhi nilijiunga na kundi la wakereza kwenye simu. Watu kutoka kila pembe, wote wanajiita mafundi. Nikauliza swali moja la wazi: kwa nini patasi inaruka? Badala ya kujibu, wakaomba picha. Nikawatumia picha yangu, kifua mbele, patasi mkononi, dirisha nyuma ya bega. Mmoja akasema wanataka picha ya mashine, si ya sura. Mwingine akauliza plasta za nini. Wa tatu, mwenye picha ya paka badala ya uso, akauliza je, mwenzetu amesimama upande gani wa mashine? Upande gani! Upande wenye mwanga, wewe paka! Nikawaambia nilikuja kutafuta elimu, si kuhojiwa kama mwizi, nikatoka kwenye kundi. Hakuna aliyenibembeleza nirudi.

Mchana Shemeji alikuja kuipima mashine kwa futi kamba. Kuipima! Aliipima urefu, akapima mlango, akaandika kwenye kiganja. Nikamwambia kwamba bado ni Ijumaa. Akasema ndiyo, shem, napima tu. Akaona kitanda, akaniuliza kwa upole tendegu liko wapi. Nikamwuliza ni lipi analotaka kujua habari zake. Akakunja futi kamba yake. Nikajiona nimemshinda.

Halafu saa ya jioni. Naandika hili bila kupenda. Sare alizopeleka shuleni asubuhi zimerudishwa. Zote. Mwalimu mkuu amesema watoto wanajikuna shingo darasani, kola zimejaa unga wa mbao, ametafuta fundi mwingine. Mke wangu alizipokea mlangoni, akaziweka juu ya meza, akaanza kuzikunja moja moja. Nikamwambia zikifuliwa zitakuwa mpya. Akasema hatazifua, oda imeshakwenda. Hakunigombeza, na hilo lilinikata maini zaidi ya matusi ya jirani. Alisema kitu kimoja tu. Alisema ule mlango wa chumba chake ulikuwa unafungika vizuri, na ndiyo maana alikipenda.

Nilisimama pale nikiwa na patasi mkono wa kushoto. Nilitaka kumwomba radhi. Kisha nikaona radhi bila tendegu ni maneno matupu, kwa hiyo nikaenda kung'oa la nne.

Jumamosi, 8 Machi

Baba mkwe amefika na begi na mwavuli. Dereva wa malori mstaafu, mgongo umenyooka kama mlango, macho hayapitwi na kitu. Alinisalimia, akatazama plasta, akauliza kama nimegombana na kuku. Nikacheka sana, kama mkwe anavyopaswa kucheka.

Tendegu la nne lilikufa saa chache kabla ya yeye kuingia. Nilikuwa nimebaki na kipande cha kutosha kikombe cha yai, kile cha kusimamishia yai la kuchemsha. Nikajaribu kikombe cha yai. Sasa nina kitu ambacho kingefaa kuzibia chupa, kama chupa yenyewe ingekuwa na mdomo wa pembe tatu.

Lakini lazima niseme ukweli, kitanda kimepona! Bila matendegu kimelala sakafuni sawasawa, hakichechemei hata ukikirukia. Lengo la kazi nzima si lilikuwa kisichechemee? Nilimweleza baba mkwe hivyo nilipomwonyesha pa kulala. Nikamwambia ni mtindo mpya, unafaa kwa mgongo. Akauliza ataamkaje. Nikamwonyesha, unabingirika kwanza. Akanitazama mkwe wake nikibingirika sakafuni. Mke wangu alitoka kwenda jikoni na nikasikia bomba la maji likifunguliwa kwa nguvu.

Shemeji alikuwepo, bila shaka. Hakosekani. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba kesho ataleta vijana wa kubeba. Nikamwambia usiku bado mrefu.

Usiku haukuwa mrefu. Mke wangu amezima umeme wa chumba.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya hukumu. Nilipendekeza onyesho mbele ya baba mkwe, nipewe nafasi moja ya mwisho. Baba mkwe, ambaye alitumia muda fulani kuamka, alikubali kwa sharti kwamba tutoke nje, kwa sababu ndani aliona patasi darini. Vijana wa Shemeji wakaibeba mashine mpaka uani, wakaitua katikati, hapana ukuta, hapana dirisha. Waya mrefu, gogo jipya la Shemeji mwenyewe. Jirani naye akaja na beseni lake kukaa juu yake.

Nilisimama pangu. Kushoto mbele, kulia nyuma, kama nilivyojifundisha. Nikaomba fagio. Baba mkwe akauliza fagio la nini. Nikamwambia la kuwashia. Watu wakaangaliana. Nikawasha, nikalaza patasi, ikaruka. Ilipita juu ya paa la choo na hatujaiona tena.

Hapo Shemeji, muuza vipuri, ambaye hajasoma ukurasa mmoja wala kuangalia babu mmoja, akasema hebu naye ajaribu, shem asikasirike. Akazunguka. Akasimama upande ule mwingine kabisa, upande wa swichi. Nikamwuliza kwa nini anasimama nyuma ya mashine. Akasema yeye hajui mbele wala nyuma, anasimama palipo na swichi, ili ikileta balaa azime. Akakihamishia kiegemeo upande wake, akawasha kwa kidole, akagusa mti kwa patasi.

Maganda! Marefu, laini, yalimwangukia mikononi. Vijana wakapiga makofi. Baba mkwe alisogea, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akatazama pale nilipokuwa nimesimama, halafu akauliza taratibu kama wiki nzima nilikuwa nasimama pale. Nikamwambia ndiyo, baba, kwa ajili ya mwanga. Akavua kofia yake na kujipepea.

Nimetafakari kwa kina kilichotokea. Ni wazi kwamba mashine ilikuwa imebanwa na hewa ya chumbani, ikapata nafuu ilipotoka nje. Pia nilikuwa nimeshailainisha kwa wiki nzima, yeye akaja kuvuna. Na nani ajuaye, huenda Shemeji ni wa mashoto tangu kuzaliwa na familia ilinificha.

Amechukua mashine. Amesema hataitoa mota, ameipenda hivyo ilivyo. Cherehani imerudi chumbani.

Jioni nilimsaidia mke wangu kufuta vumbi kwenye kuta. Alikuwa juu ya kiti, anachomoa patasi darini. Nikamwambia najisikia vibaya kuhusu zile sare. Nilisema hivyo, kweli, na sauti ilinitoka vibaya. Akashuka, akakaa juu ya kiti, akaiweka patasi mapajani. Akasema hakuwahi kulitaka lile tendegu, kopo la rangi lingetosha miaka. Alichotaka ni mumewe aulize. Amwulize yeye kama chumba kinaweza kuhamwa. Amwulize mtu, mtu yeyote, jambo moja, asikilize mpaka mwisho. Akasema akiniona nimeuliza mtu hata mara moja, oda ya sare atanisamehe yote. Macho yake yalikuwa yamelowa lakini alikuwa anatabasamu kidogo. Nilimshika mkono, kwa kulia.

Ana haki. Sikuwahi kuuliza. Nimeapa nitauliza.

Jumanne, 11 Machi

Nimeuliza!

Niliondoka ghalani mapema, nikaenda dukani kwa Shemeji. Mashine imekaa nyuma ya duka, kati ya matairi. Ameshakereza matendegu mawili ya kitanda cha baba yake, na anakereza la tatu. Yanafanana, naweza kusema, ingawa hayana roho. Mke wangu alikuwepo, amemletea kaka yake chakula. Nikaona ndiyo nafasi, ashuhudie kwa macho yake.

Nikavua kofia. Nikamwambia Shemeji, mbele ya dada yake, kwamba nimekuja kwa unyenyekevu kumwuliza jambo. Shemeji akazima mashine. Mke wangu akaweka bakuli chini, uso wake ukafunguka, sijamwona hivyo tangu mashine ilipoingia. Akaniambia uliza, mume wangu, uliza.

Nikamwuliza Shemeji siku zipi ana nafasi, Jumanne au Alhamisi, nianze kumfundisha.